Usimchape Mtoto Anayefungua Redio

 

Majuma machache yaliyopita, baada ya kipindi cha akina mama kanisani, mama mmoja alitusubiri mlangoni. Tulidhani ana mgonjwa nyumbani, kumbe shida yake ilikuwa kijana wake wa miaka 13.

"Sista, mtoto huyu ananimaliza," alisema. "Redio ya baba yake kaifungua. Pasi kaifungua. Sasa amehamia kwenye rimoti ya televisheni. Akitoka hapo yuko kwa jirani anacheza michezo ya kwenye televisheni mpaka giza liingie. Baba yake amesema safari hii atamvunja mkono. Nifanye nini?"

Tulimwambia atupe muda kidogo wa kufikiri. Ukweli ni kwamba maneno yake yalituchoma. Miaka mingi iliyopita kifungua mimba wetu, akiwa na miaka tisa, aliifungua saa ya ukutani tuliyopewa zawadi siku ya harusi. Tulimkuta amepanga vipuri vyote juu ya mkeka, kwa mstari, kikubwa hadi kidogo. Tulimchapa kwa kandambili, na vipuri tukavitupa jalalani. Tangu siku ile hakufungua tena kitu chochote. Leo ni mtu mzima mwenye kazi yake, na bomba likivuja kwake anaita fundi. Mwaka juzi, tukiwa tunazungumza tu jikoni, alisema, "Mama, siku ile nilitaka kuona ni nini kinachogonga mle ndani." Hatukuwa na la kujibu.

Ndiyo maana mwezi huu tumeona tuwasimulie maisha ya mzee mmoja aliyefariki mwaka 2014 huko Marekani. Jina lake ni Ralph Baer. Alikuwa mkimbizi, akawa askari, akawa mhandisi, na hadi uzeeni alibaki fundi wa mikono. Tena ndiye aliyeanzisha michezo hiyo ya televisheni inayotugombanisha na watoto wetu.

MKIMBIZI WA MIAKA 16

Alizaliwa Ujerumani tarehe 8 Machi 1922, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha viatu. Hitler alipochukua madaraka mwaka 1933, maisha ya Wayahudi yaligeuka. Kijana huyu alifukuzwa shule, si kwa utundu wala kwa kukosa akili, bali kwa sababu ya kabila lake. Mwezi Agosti 1938 wazazi wake walifaulu kuondoka na watoto wao kwenda Marekani. Miezi mitatu tu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba, masinagogi yalichomwa moto Ujerumani kote na maelfu ya wanaume wa Kiyahudi wakakamatwa. Hebu tumfikirie mama yake. Angesema tungoje kidogo, tuuze kwanza vyombo, pengine tusingekuwa na habari hii ya kusimulia.

Huko New York kijana aliingia kiwandani kwa ujira wa dola 12 kwa juma. Siku moja aliona tangazo gazetini la masomo ya kutengeneza redio kwa njia ya posta. Akajiandikisha, akasoma, na mwaka 1940 akamaliza. Aliacha kiwanda akawa fundi redio. Mtoto aliyefungiwa mlango wa shule alipata elimu yake kwa bahasha na stempu.

ASKARI, KISHA MWANAFUNZI

Mwaka 1943 aliitwa jeshini, akatumikia upande wa upelelezi wa jeshi la Marekani huko Uingereza. Hivyo alirudi Ulaya akiwa amevaa sare za nchi iliyompokea, kupigana na utawala uliomfukuza darasani.

Vita ilipokwisha, Marekani ilikuwa na sheria ya kuwasomesha askari waliorudi. Aliitumia nafasi hiyo, na mwaka 1949 akapata shahada ya uhandisi wa televisheni mjini Chicago. Mwaka 1952 alimwoa Dena, wakajaliwa watoto watatu. Aliajiriwa katika kampuni iliyotengeneza vifaa vya elektroniki vya jeshi, akapanda mpaka akawa anasimamia mamia ya wahandisi.

Lakini kulikuwa na wazo lililomkaa moyoni. Wakati ule televisheni ilikuwa kitu cha kutazamwa tu. Yeye alijiuliza, kwa nini watu wasicheze nayo? Mwaka 1951 alilitoa wazo hilo kazini kwake, likakataliwa. Hakulitupa. Mwaka 1966, akisubiri basi mjini New York, lilimrudia. Akaandika maelezo yake, na tarehe 1 Septemba akayapanga katika kurasa nne. Akiwa na mafundi wawili katika chumba kidogo, alitengeneza kisanduku walichokifunika kwa karatasi ya gundi yenye sura ya mbao ili kipendeze machoni. Mwaka 1972 chombo kilichotokana na kisanduku kile kiliingia madukani kwa jina la Odyssey, kwa bei ya karibu dola 100.

Akina mama wenzetu, tukumbuke chombo kile kilikuwaje. Hakikuwa na sauti. Kilitoa vidoa vyeupe tu, na mtu alibandika karatasi angavu juu ya kioo cha televisheni ili kupata picha ya uwanja. Ndani ya boksi mlikuwa pia na kete na karata. Na mchezo wake wa tenisi ya mezani uliwataka watu wawili, kila mmoja na kishikio chake. Baba na mtoto, au dada na kaka, ilibidi wakae pamoja. Michezo ya kucheza peke yako usiku kucha ilikuja baadaye.

MEZA YA KAZI NYUMBANI

Hakuishia hapo. Mwaka 1978 kilitoka kitu kingine alichokibuni pamoja na mwenzake, mchezo wa mviringo wenye rangi nne uitwao Simon, ambao mtoto hukumbuka mfuatano wa taa na sauti. Katika maisha yake alipewa zaidi ya hati 150 za uvumbuzi, na mwaka 2006 Rais wa Marekani alimvika nishani ya taifa ya teknolojia.

Mwaka huohuo wa 2006 mkewe Dena alifariki. Walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka hamsini. Sisi tunaofanya kazi wodini tumewaona wazee wengi waliofiwa na wake zao. Mara nyingi mzee huacha kula, huacha kutoka, na mwaka haupiti kabla hatujampokea. Mzee huyu aliendelea kushuka katika chumba cha chini ya nyumba yake, mahali palipokuwa na meza ya kazi, bisibisi, koleo na waya. Alitengeneza vitu vyake hadi karibu na mwisho. Alifariki tarehe 6 Desemba 2014, akiwa na miaka 92. Karakana yake ile imewekwa katika jumba la makumbusho la taifa mjini Washington.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Mungu alipotaka hema yake ijengwe jangwani, alimwita Bezaleli kwa jina na kumjaza roho yake kwa kazi ya mikono. Soma Kutoka 31. Na Mwokozi wetu alikulia katika nyumba ya seremala. Basi mikono inayotafuta kazi tusiione kuwa laana.

Kwanza, mpe mtoto kilicho chake. Redio iliyokufa, saa mbovu, tochi ya zamani, viwe mali yake. Na vya baba asiviguse bila ruhusa. Mtoto asipokuwa na chake, atafungua cha mwingine.

Pili, mlinde. Kifaa chochote kichomolewe kwenye umeme kwanza. Televisheni za zamani zenye kisogo kirefu asifungue kabisa, maana hutunza umeme wa hatari hata zikiwa zimechomolewa. Betri zile ndogo za mviringo kama kifungo ziwekwe mbali na wadogo zake. Ikimezwa, huweza kuunguza koo kwa saa mbili tu. Usingoje kuona, mpeleke hospitali mara moja. Na akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala siagi.

Tatu, michezo ya televisheni iwe na saa yake, baada ya kazi na masomo, na ikiwezekana achezе na mwenzake. Keti naye hata mara moja. Muulize kinavyofanya kazi.

Yule mama tulimweleza haya. Alikwenda akazungumza na mumewe baada ya chakula cha jioni, kwa upole, si mbele ya mtoto. Jumapili iliyopita alitupita uani akicheka. Pasi haijapona. Lakini baba amemnunulia kijana bisibisi, na Jumamosi walikaa wote wawili barazani wakiifungua redio upya. Walibakiwa na misumari miwili wasiyojua inakokwenda, lakini redio ilitoa sauti.

Nasi tulikwenda sokoni tukanunua saa ya mezani, mbovu, kwa bei ya kutupa. Mjukuu wetu ana miaka sita. Mwezi ujao anakuja likizo, na mkeka tumekwisha kuuweka tayari.