Sinki Likiziba Wakati wa Baridi

Mwezi huu hatuzungumzii mapishi, bali yale yanayobaki baada ya mapishi.

Sisi tunaokaa Mbeya na Iringa tunaijua baridi ya Juni na Julai. Mchuzi wa nyama huganda sahanini kabla watoto hawajamaliza kula, na mawese ya Kyela huwa magumu kama sabuni. Ndani ya bomba mambo ni hayo hayo. Mafuta ya moto hupita vizuri kwenye sinki, kisha hukutana na bomba la baridi, huganda pembeni, na kila punje ya wali na kila jani la chai hunasa hapo.

Julai moja sinki letu lilijaa maji yakagoma kushuka. Tulimfokea binti anayetusaidia kazi kwamba anamwaga makombo. Alinyamaza, akaleta ndoo.

Tulichota maji yale kwa kopo, tukamwaga maji ya moto yenye sabuni ya unga. Hapa tuangalie: bomba la plastiki hulegea kwa maji yanayochemka. Huku kwetu milimani maji huchemka mapema, Mbeya kwenye nyuzi 94 hivi, lakini hata hizo ni nyingi mno kwa plastiki. Acha yapoe kidogo. Kisha tukachukua kile kikombe cha mpira chenye mpini, tukaziba kwa kitambaa tundu la juu la sinki, tukasukuma na kuvuta mara ishirini, mpira ukiwa umefunikwa na maji. Mara nyingi hapo huzibuka. Letu halikuzibuka.

Ikabidi tufungue ile kona iliyopinda chini ya sinki, ambayo hubakiza maji ili harufu isirudi ndani. Weka ndoo chini yake, zungusha nati kwa mkono uliofungwa kitambaa, na uangalie mpira wake usipotee. Tulikuta donge la mafuta meupe, majani ya chai na udongo wa viazi. Mafuta yalikuwa ya nyama tuliyowakaangia wageni Jumapili, na binti siku ile alikuwa ibadani. Tuliyamwaga sisi. Tulimwomba msamaha jioni ile ile, mbele ya watoto waliotusikia tukimfokea.

Wengine watashauri kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Ni kweli huyeyusha mafuta, lakini huyeyusha na ngozi, na jicho huweza kupofuka. Sisi hatuiweki nyumbani penye watoto. Ukiitumia, vaa glavu, tia soda kidogo kidogo kwenye maji baridi yaliyomo katika ndoo ya plastiki, wala usimwage maji juu ya soda, kwani huchemka na kuruka. Usitumie sufuria ya alumini. Kamwe usiihifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji. Ikikurukia, osha kwa maji mengi kwa dakika ishirini au zaidi. Mtoto akiinywa, usimtapishe, mkimbize hospitali.

Dawa ya klorini ya kufulia nayo usiichanganye na siki, limau wala dawa ya choo yenye asidi, maana hutoa hewa inayochoma mapafu, na jiko la wakati wa baridi huwa limefungwa madirisha. Soda ya kuokea na siki hazina hatari hiyo. Povu lake hupendeza macho, ila mafuta yaliyoganda huyaacha pale pale.

Siku hizi mafuta tunayamimina kwenye kopo kuukuu yagande humo, sahani tunazifuta kwa karatasi kabla ya kuosha, na viazi tunavioshea kwenye beseni, maji yake yakaenda bustanini.

Lakini ukiona sinki, bafu na choo vyote vinapandisha maji pamoja, usihangaike na kona ile. Tatizo liko nje, kwenye chemba, au shimo limejaa. Hapo mwite fundi, na watoto wakae mbali mfuniko unapofunguliwa.