Kobalti ya Kongo isiwe ngao ya petroli

Mwandishi aliyedai kuwa gari la umeme ni chafu sawa na la petroli, kwa sababu ya kobalti ya betri inayochimbwa Kolwezi, Kongo, amesema nusu ya ukweli. Wachimbaji wadogo wanaohatarisha maisha mashimoni wapo, watoto wakiwamo. Lakini viwanda vya kusafisha mafuta navyo hutumia kobalti kuondoa salfa katika dizeli. Mbona huko hakufika? Tena betri za lithiamu, chuma na fosfeti, ambazo BYD ya China hufunga kwenye magari yake, hazina kobalti hata chembe.

Ni kweli, kuunda gari la umeme hutoa hewa ya ukaa nyingi kuliko kuunda la petroli. Ila deni hilo hulipwa barabarani, na hulipwa upesi pale umeme unapotokana na maji au jotoardhi, kama Kenya. La petroli huongeza deni kila kilomita.

Anayewahurumia watu wa Kolwezi adai ujira wa haki na mashimo salama. Kuwatumia kutetea injini za mafuta, baada ya Volkswagen kukiri mwaka 2015 kuwa takriban magari milioni 11 ya dizeli yalikuwa na programu ya kudanganya vipimo vya moshi, ni kuwadhulumu tena.