Somo la Rangi Lifundishwe Barabarani

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wetu wa Kiswahili nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu muhula uliopita. Maoni yangu ni haya: somo la rangi, ambalo sisi wanafunzi wa sanaa twalisoma darasani kwa kitabu, lifundishwe pia nje, mbele ya kuta zilizochorwa picha katika mitaa ya mji wetu wa Kigali.

Kwanza nitakiri kosa letu. Chama chetu cha sanaa kiliombwa kuandika kibao cha kuwaonya madereva kwamba watoto wadogo huvuka barabara karibu na lango letu hapa Gisozi. Tulikuwa tumekwisha kujifunza kwamba nyekundu na kijani hukabiliana katika duara la rangi, na kwamba rangi zinazokabiliana hutiana nguvu. Basi tukapaka kibao kijani, tukaandika maneno kwa nyekundu. Mezani kilipendeza mno! Tulipokisimamisha barabarani, mtu aliye hatua thelathini hakuweza kusoma hata neno moja. Dereva mmoja wa pikipiki alituuliza kwa upole, "Vijana, mmeandika nini pale?" Hatukuwa na la kujibu.

Kosa lilikuwa nini? Majina ya rangi tuliyajua, lakini mwanga wake hatukuupima. Nyekundu yetu na kijani yetu zilikuwa na giza sawasawa, na kwa mbali zikawa kama kitu kimoja. Tena wako watu, hasa wanaume, ambao tangu kuzaliwa hawawezi kupambanua nyekundu na kijani. Fikirini kama mmoja wao ndiye angekuwa dereva siku ile.

Jambo hili si geni. Zamani huko Ufaransa mtaalamu wa kemia, Michel Eugène Chevreul, aliwekwa kusimamia utiaji wa rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichofuma mazulia ya kutundika ukutani. Watu walilalamika kwamba rangi nyeusi ya kiwanda ni hafifu. Alipochunguza aliona kwamba rangi yenyewe haina kasoro. Ilidhoofishwa na rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alitoa kitabu juu ya habari hiyo, na wachoraji wengi wakajifunza kwacho kwamba rangi huonekana tofauti kwa sababu ya jirani yake.

Basi, ni wapi rangi ina majirani wengi kuliko barabarani? Ukuta wa njiani una vumbi jekundu chini yake, migomba nyuma yake, na nguo za wapita njia mbele yake. Katika miaka ya 2010 kikundi cha Kurema, Kureba, Kwiga, yaani Kuumba, Kuona, Kujifunza, kilichora picha kubwa kwenye kuta za hadhara katika nchi yetu. Simama mbele ya picha ya namna hiyo asubuhi, kisha urudi jioni: buluu ile ile utadhani imepakwa upya. Rudi nyuma hatua kwa hatua, utaona rangi gani yakufuata na rangi gani yazama. Karatasi ya darasani haina umbali wala jua la kutuonyesha hayo.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Tazameni imigongo ya Gisaka, ile sanaa ya samadi ya ng'ombe. Rangi zake za asili ni chache, hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu, lakini mistari yake yaonekana wazi kwa mbali, kwa kuwa cheusi na cheupe vimewekwa bega kwa bega.

Najua wako watakaosema kwamba kutembea mitaani ni kupoteza wakati wa mitihani. Nawajibu kwamba sisi tulifaulu mtihani wa duara la rangi, lakini kibao kikatushinda. Wengine watasema tutajifunza kuchafua kuta za watu. La! Twaomba kutazama, na pa kuchora tutaomba ruhusa. Sisi wa Gisozi hatuhitaji kukumbushwa kwamba kila mahali pana heshima yake, maana kwetu ndipo palipo Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari, uliofunguliwa mwaka 2004, walipozikwa watu zaidi ya 250,000. Anayejifunza rangi sharti ajue pia mahali pa kunyamaza.

Ombi langu kwa walimu wetu ni dogo: alasiri moja kila mwezi, daftari mkononi, mbele ya ukuta mmoja.

Kibao tulikipaka upya. Seremala mmoja wa Gakiriro alitupa vipande vya mbao, tukavijaribia rangi, kisha tukavitazama kutoka ng'ambo ya barabara. Tukachagua maneno meusi juu ya manjano. Sasa madereva hupunguza mwendo kabla ya kufika langoni.

Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Wasinikasirikie nikisema kwamba sisi tulikuwa na macho, na tulihitaji kuambiwa.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Sanaa,
Gisozi