Korona yako haijarudi

“Korona yangu imerudi.” Msemaji huwa na uhakika, kama anayezungumzia goti linalomuuma kila masika. Imani yake ni kwamba mtu akishaugua, mwili umefunga mlango. Kipimo kikimkuta na virusi tena, basi ni vilevile vya mwanzo, vilikuwa vimejificha.

Imani hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 2020 Korea Kusini ilikuta mamia ya waliopona wakionekana tena na virusi, na uchunguzi ukaonyesha ni vipande vya virusi vilivyokwisha kufa. Ndivyo kilivyo kipimo cha PCR: hakitofautishi mgeni aliyefika leo na nyayo za aliyeondoka. Lakini kutoka hapo watu wakaruka wakasema wote wanaokutwa na virusi mara ya pili wako hivyo. Hapo ndipo ninapogomba.

Mwanamume wa Hong Kong, miaka 33, aliugua Machi 2020 akapona. Agosti, akirejea kutoka Ulaya, akapimwa uwanja wa ndege na kukutwa na virusi, bila hata kikohozi. Zilikuwa zimepita siku 142. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hong Kong walikuwa na sampuli zote mbili. Wakasoma jenomu za virusi vya kila sampuli, yaani maandishi ya vinasaba vyake, herufi karibu 30,000 kila moja, wakaziweka sambamba: tofauti 24. Kirusi hiki hubadilika kama herufi mbili kwa mwezi, kwa hiyo miezi mitano ingeleta kumi hivi. Mbishi atasema 24 na kumi haziko mbali. Haya, aangalie ukoo. Kirusi cha kwanza kilikuwa na protini moja iliyokatika; cha pili kilikuwa nayo nzima, na ndugu zake wa karibu walikuwa wakizunguka Ulaya Julai na Agosti. Cha pili hakikutoka kwa cha kwanza: mjukuu hamzai babu yake.

Wengine hujifariji kuwa mara ya pili ni mafua tu. Kwa wengi ni kweli. Ila kijana wa miaka 25 wa Nevada, Marekani, aliyekutwa na virusi Aprili na tena Juni 2020, jenomu mbili tofauti, alihitaji oksijeni mara ile ya pili.

Mbona basi visa vilivyothibitishwa namna hii ni vichache? Kwa sababu vinataka sampuli mbili, na ya kwanza kwa kawaida hutupwa majibu yakishatoka. Uchache huo ni wa friji, si wa maambukizi. Kusoma si tatizo: wa kusoma jenomu tunao. Maabara ya KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi, Kenya, imezisoma za korona tangu 2020. Na kwenye malaria jambo hili wala si geni: dawa inapojaribiwa, vinasaba vya vimelea vya siku ya kwanza hulinganishwa na vya homa iliyofuata, ijulikane kama dawa imeshindwa au mbu ameuma upya. Kinachohifadhiwa ni tone la damu lililokaushwa kwenye kipande cha karatasi.