Jiko la vifaranga litoke chumbani kwa watoto



Ndugu msomaji, sifa zote njema anastahiki Allah (S.W), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na maswahaba zake. Leo safu hii inaingia katika jambo ambalo baadhi yenu mtasema ni la bwana mifugo, si la tabibu. Nalo ni kile chumba cha joto ambacho nyumba nyingi za Nachingwea na Ruangwa hukitenga kwa ajili ya kulea vifaranga.

Kwetu huku fedha za ufuta huingia mwezi Juni na Julai, baada ya minada ya chama kikuu cha RUNALI. Fedha zikiingia, maboksi ya vifaranga wa siku moja nayo hushuka kwenye mabasi yatokayo Dar es Salaam, Kuroiler huku, Sasso kule. Hakuna ubaya. Ni riziki ya halali na mama wengi wamesomesha watoto kwa kuku. Lakini miezi hiyo ndiyo ya kipupwe, na kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kwa sababu mwili wake haujaweza kujitunzia joto wenyewe. Basi kinatafutwa chumba chenye dirisha dogo, dirisha linazibwa kwa viroba, maranda yanamwagwa chini, na jiko la mkaa linawekwa katikati. Chumba hicho mara nyingi ni kile wanacholala watoto au bibi, kwa vile ndicho chenye joto na kuna mtu wa kuwaangalia vifaranga usiku.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wafugaji, na nitasema wazi: jiko la mkaa lisikae usiku katika chumba anacholala mtu, wala katika chumba kinachopakana nacho chini ya paa moja lisilo na dari. Si kwa saa moja, si kwa dirisha lililofunguliwa kidogo, si kwa baridi ya siku mbili tu.

Nina sababu ya kulisema hili kwa ukali. Miaka michache iliyopita, mwezi Julai, bibi mmoja alikuja kituoni nikiwa zamu, akiwa na wajukuu wake wawili. Wote watatu vichwa viliwauma, miguu haina nguvu, na mdogo alikuwa ametapika alfajiri. Nikawapima malaria kwa kipimo cha haraka, wote hawana. Nikawapa parasetamoli, nikawaambia wanywe maji mengi. Walipokuwa wanaondoka nikaona nyuso zimechangamka kuliko walivyoingia, nikajua nimefanya kazi nzuri. Kumbe ni hewa safi ya njiani na ya pale barazani ndiyo iliyowapa nafuu, wala haikuwa dawa yangu.

Siku mbili baadaye yule mdogo aliletwa kwa bodaboda kabla jua halijapanda, amelegea, haitiki. Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza mwanzo.

“Bibi, usiku mnalala na moto ndani?”

“Moto upi, mwanangu? Sisi tunapikia nje. Ndani mna jiko la vifaranga tu.”

Ndugu msomaji, lirudie jibu hilo. Kwa yule bibi, jiko la kupikia ni moto, lakini jiko la vifaranga si moto; ni matunzo. Akaongeza kwamba usiku ule vifaranga wengi walikufa kwa mpigo, na jirani akamwambia amepigwa jicho. Tulimweka mtoto kwenye oksijeni, na kabla ya adhuhuri akafumbua macho na kuomba uji. Alhamdulillah. Lakini mimi ndiye niliyewarudisha katika chumba kile siku ya kwanza, na sijalisahau.

Mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikereketi koo wala haichomi macho. Watu wetu wanaogopa moshi, na ni kweli moshi ni mbaya, lakini mkaa ulioshika vizuri, ule mwekundu usio na moshi, ndio unaodanganya. Gesi hiyo ikiingia mapafuni hukamata chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili. Damu inabaki mwilini, inazunguka kama kawaida, ila haibebi tena kile ilichoumbwa kukibeba. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, huishiwa nguvu, kisha husinzia. Aliyekwisha lala hapiti katika ngazi hizo kwa kujijua. Anatoka usingizini kwenda kwenye kupoteza fahamu. Mjamzito yuko katika hatari kubwa zaidi, kwani mtoto aliye tumboni hudhurika hata pale mama anapohisi kichwa tu.

Dalili hizo tukizisikia huku kwetu tunasema malaria. Kwa hiyo iangalie tofauti. Malaria haiwashiki watu wote wa chumba kimoja asubuhi moja, tena bila homa, kisha ikawaachia wakikaa nje hadi saa nne. Ukiona hivyo, lifikirie jiko.

Na waangalie ndege wenyewe. Ndege huvuta hewa nyingi kulingana na udogo wa mwili wake, hivyo sumu humuwahi kabla ya mtu. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakishuka mgodini na ndege mdogo katika tundu. Akianguka, wao hukimbia. Desturi hiyo waliiacha mwaka 1986 tu, walipopata mitambo ya kupimia. Vifaranga wa yule bibi walikuwa wamekwisha toa habari, sisi tukaisoma kuwa ni jicho. Sisemi kila kifo cha vifaranga ni gesi. Kideri kipo, na baridi nayo huua. Ila wakifa wengi usiku mmoja katika chumba chenye jiko, toeni watu kwanza, mengine yatachunguzwa baadaye.

Nimesikia kinga za kila namna. Kuweka beseni la maji chumbani: gesi hii hainaswi na maji. Kufunika makaa kwa majivu: moto unapungua, gesi haikomi, huenda ikazidi kwa kuwa mkaa unakosa hewa. Kuacha mlango wazi kidogo: hakuna ajuaye kidogo hicho kinatosha kiasi gani, na ikifika saa nane usiku baridi ikibana, kuna mkono utakaoufunga.

Tulipokuwa madrasa tulifundishwa adabu za kulala: udhu, kukung'uta kitanda, dua, kulalia ubavu wa kulia. Iko adabu nyingine tuliyoipita haraka. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W) alikataza kuuacha moto ukiwaka majumbani wakati wa kulala. Na nyumba moja ya Madina ilipoungua usiku pamoja na watu wake, alipopewa habari aliutaja moto kuwa ni adui kwetu, akaamrisha uzimwe kabla ya kulala. Hiyo ni amri iliyopokewa kwa Abu Musa al-Ash'ari (R.A), nayo imekuja zaidi ya miaka elfu moja kabla ya mtu yeyote kuijua kaboni monoksaidi. Sijaisikia ikitajwa katika khutba msimu wa kipupwe, na wale wanaouza vifaranga hutoa karatasi nzima ya viwango vya joto na chanjo bila mstari mmoja unaouliza watu wa nyumba watalala wapi.

Asije mtu akadhani napinga kufuga. Mdogo wake Anas bin Malik (R.A), aliyeitwa Abu Umayr, alikuwa na ndege wake mdogo, na Mtume (S.A.W) akimtania kwa ndege huyo, wanazuoni wakachukua humo ruhusa ya kufuga ndege maadamu analishwa na hateswi. Na habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula tunaijua sote. Anayechukua kiumbe kutoka boksini amechukua dhamana, na joto ni sehemu ya dhamana hiyo. Ninachokataa ni dhamana ya kuku kulipwa kwa pumzi za watoto.

Liko na suala la tohara. Kinyesi cha kuku kwa madhehebu yetu ya Shafi ni najisi, na vumbi la maranda yaliyokwisha tumika hutua kwenye mkeka, shuka na kanzu iliyotundikwa. Bibi anaamka kuswali alfajiri mahali pale pale. Upande wa afya, kifaranga anayeonekana mzima kabisa anaweza kubeba vijidudu vya salmonela tumboni. Mtoto wa chini ya miaka mitano hushika kifaranga, kisha hushika mdomo. Kwa mtoto mwenye selimundu, na huku kusini tunao, vijidudu hivyo huweza kwenda hadi kwenye mifupa. Tena, naomba radhi kwa mhariri, msitandike gazeti hili chini ya vifaranga. Kurasa zake zina majina ya Allah (S.W).

Na kobe je? Naliuliza kwa kuwa nimemkuta, zaidi ya mara moja, kobe aliyeokotwa mikoroshoni akiwekwa na watoto katika chumba kile kile “naye apate joto”. Katika nchi za baridi kama Uingereza wako watu wanaotenga chumba kizima na kukipasha joto kwa ajili ya kobe, mijusi na nyoka wa kufuga, kwa sababu wanyama hao hawazalishi joto lao wenyewe na bila hivyo hawamudu hata kusaga chakula. Lakini angalieni: wao hupasha kwa taa na waya za umeme zenye kidhibiti joto, si kwa moto uwakao. Kobe wa Ruangwa hahitaji chumba. Jua la saa tatu asubuhi linamtosha. Naye pia ni mbebaji wa salmonela, hata Marekani ikapiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wadogo ambao gamba lao halijafika sentimita 10, baada ya watoto wengi kuugua. Juu ya hayo ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumfuga bila kibali. Mrudisheni porini, mnawe mikono kwa sabuni.

Sasa, joto la vifaranga litoke wapi? Mwenye umeme aweke taa ndani ya bruda. Taa ya wati 100 ikiwaka usiku na mchana inakula yuniti 2.4 tu. Ining'inizwe kwa mnyororo au waya mgumu, si kwa waya wake wa umeme, na iwe mbali na maranda yasije yakashika moto. Joto tazama kwa vifaranga wenyewe: wakirundikana chini ya taa wanaona baridi, wakiikimbia na kutweta wameungua, wakitawanyika na kula wako sawa.

Asiye na umeme, au aliyechoka na kukatika kwake, atengeneze kinengunengu: boksi gumu lenye majani makavu pande zote, na ndani yake dumu la lita tano la maji ya moto lililovikwa gunia. Maji yabadilishwe baada ya isha, usiku wa manane na kabla ya alfajiri. Anayeamka kwa tahajjud amekwisha pata saa yake. Kwa vifaranga ishirini au thelathini njia hii inatosha vizuri. Wachache zaidi waingizwe usiku chini ya kuku wa kienyeji anayeatamia. Mara nyingi asubuhi huwakubali kama wake.

Anayelea mia mbili na lazima atumie mkaa, ajenge kibanda cha udongo na nyasi mbali na nyumba, chenye matundu ya hewa juu ya ukuta. Aingie baada ya kufungua mlango na kungoja kidogo, amalize, atoke. Na kijana wa kulinda kicheche na wezi alale nje ya kibanda hicho, si ndani. Hili la kijana nalisisitiza kwa kuwa husahauliwa kila mara. Chemli na kibatari navyo ni moto, hukumu yake ni hiyo hiyo.

Njia iliyo rahisi kuliko zote haina gharama: ngojeni. Mwezi Oktoba na Novemba Nachingwea kuna joto kali, usiku hata shuka halitakiwi, na fedha za korosho ndipo zinapoanza kuingia. Vifaranga wa Oktoba wanaomba joto kidogo sana kuliko wa Julai.

Ukimkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko, fungua mlango na dirisha, mtoe nje mara moja, mlaze ubavu, na usimpe maziwa wala maji akiwa hajitambui, yatamwingia mapafuni. Mkimbize kituo cha afya na useme kwa sauti: alilala na jiko. Hata akizinduka mwenyewe, mpelekeni. Na wenzangu wa zahanati, kile kipimo cha kubana kidoleni hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii. Kitakuonyesha 98 na mgonjwa anazama. Mpe oksijeni kwa maelezo aliyokupa, usingoje namba ishuke.

Yule bibi bado anafuga. Kuku wake wako kwenye kibanda nyuma ya mwembe, na chumba kile wanalala wajukuu peke yao.

Wabillahi tawfiiq.