Paa la chuma au la turubai? Uliza kwanza gari litalala wapi

Kila mtu ana ndoto yake. Kuna anayeota shamba kule Njoro, kuna anayeota nyumba ya mawe pale Free Area, na kuna kijana aliyeajiriwa juzi ambaye ndoto yake ni gari la spoti: lile gari fupi la viti viwili, linalokaribia kugusa lami kwa tumbo, ambalo paa lake hufunguliwa ili dereva apigwe na upepo wa Bonde la Ufa. Wazazi humcheka na wenzake humwonea wivu. Yeye huendelea kuweka akiba mwezi baada ya mwezi, na siku akiba inapotosha, anakutana na swali ambalo hakulitarajia: achukue lenye paa gumu au lenye paa laini?

Usidhani hili ni swali la matajiri pekee. Japani hutengeneza magari madogo ya aina hii yenye injini ya 660cc tu, na yanaweza kuletwa Kenya kama gari lolote kuukuu, mradi usukani uwe upande wa kulia na umri wake usizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Lakini ukikosea katika kuchagua paa, akiba ya miaka mitano inaweza kuharibiwa na msimu mmoja wa mvua. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Basi leo tulitazame jambo hili kabla mjukuu hajazaliwa.

Kwanza tuelewane. Gari la spoti huwa na paa la namna tatu. La kwanza ni paa la chuma lisilofunguka, kama la gari la kawaida. La pili ni paa gumu linalojikunja kwa mota na kujificha nyuma. La tatu ni paa la turubai, linalokunjwa kwa mkono au kwa mota.

Hili la pili si uvumbuzi wa jana. Katika miaka ya 1930 Mfaransa mmoja, Georges Paulin, ambaye kazi yake ilikuwa ya meno, alibuni paa la chuma linaloingia lote ndani ya buti. Peugeot ililitumia katika magari yake yaliyoitwa Eclipse. Ndiyo, Peugeot hiyo hiyo ambayo wazee wa Nakuru waliijua kama teksi ya kwenda Nairobi, na kama pikapu ya kubebea viazi na kabichi, nayo mara nyingi ikiwa imefunikwa kwa turubai!

Tangu hapo wenye viwanda wamekuwa wakiyumba. BMW ilipotoa gari lake la Z4 mwaka wa 2002, lilikuwa na turubai. Mwaka wa 2009 likapewa paa gumu la kujikunja. Mwaka wa 2018 likarudishiwa turubai. Mercedes nayo iliweka paa gumu kwenye SL mwaka wa 2001, na mwaka wa 2021 ikarudi kwenye turubai, ikisema limepunguza uzito kwa kilo 21. Ikiwa mafundi wa Ujerumani wamebadili nia namna hiyo, usione aibu wewe kusitasita.

Je, kila moja lina faida gani? Turubai ni jepesi, huchukua nafasi ndogo likikunjwa, na halina mambo mengi ya kuharibika. Kwenye Mazda MX-5 ya sasa, paa la turubai hufunguliwa kwa mkono mmoja, dereva akiwa bado amekaa. Ndugu yake mwenye paa gumu, aitwaye RF, hutegemea mota inayochukua sekunde 13 hivi, na uzito wake huzidi kwa kilo 45 hivi injini zikiwa sawa. Paa gumu nalo hupunguza kelele za malori barabarani, huzuia baridi, na haliwezi kupasuliwa kwa kisu cha jikoni.

Hapo ndipo watu wengi huishia. Humuuliza muuzaji gari linapendeza vipi likiwa barabarani, wakasahau kwamba gari la mtu wa kawaida hukimbia saa mbili au tatu kwa siku na kusimama saa zote zilizobaki. Paa hupigwa na jua, mvua na vumbi gari likiwa limesimama. Kwa hivyo swali la kwanza si utaliendesha wapi. Swali la kwanza ni hili: litalala wapi?

Hebu tazama hali yetu ya Nakuru. Mji huu uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na mstari wa Ikweta si mbali, upande wa Mogotio. Jua la mahali pa juu namna hii ni kali hata siku ambayo hewa ni ya baridi. Ndilo linalofifisha rangi ya turubai, likakausha nyuzi zake, na kugeuza kioo cha plastiki cha nyuma kuwa cha manjano kama karatasi kuukuu. Halafu kuna vumbi. Jina lenyewe la Nakuru husemwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai linalohusu vumbi, na anayekaa ndani ndani Free Area, mbali kidogo na lami ya barabara kuu, hahitaji kuelezwa. Isitoshe, kuna mvua ya masika, na mara nyingine mvua ya mawe.

Vumbi na mvua vikishirikiana, vina hila ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Gari la kufunguka, liwe la turubai au la paa gumu, huwa na vimfereji vya kupitishia maji pembeni mwa paa. Vumbi na majani yakiviziba wakati wa kiangazi, mvua ya kwanza huingia ndani na kutuama chini ya zulia, mahali penye nyaya za umeme. Mwenye gari huona taa za dashibodi zikiwaka ovyo akadhani amerogwa, kumbe ni maji!

Sasa tupime. Ikiwa unakaa kwenye ploti ya kupanga, magari sita yanalala uani bila kivuli, na watoto hucheza mpira hapo kila jioni, turubai si lako. Jua litalila mchana, na usiku mwizi anayetamani redio ya gari hatahitaji kuvunja kioo. Hapo afadhali paa gumu. Tena, ukiniuliza, afadhali lile lisilofunguka kabisa. Usilidharau. Datsun 240Z ilikuwa gari la spoti lenye paa la chuma lisilofunguka, na ilishinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1971 na tena mwaka wa 1973, katika vumbi na matope ambayo mimi na wewe hatutayapitia.

Lakini ikiwa una gereji, au hata kibanda cha mabati chenye lango la kufungwa, mambo hubadilika. Paa gumu la kujikunja lina mota, bawaba, nyaya na swichi ndogo ndogo. Kimoja kikigoma, paa linaweza kukwama katikati, si wazi si limefungwa, na kipuri chake pengine kiagizwe ng'ambo. Turubai lililochanika kidogo, kwa upande mwingine, ni jambo ambalo fundi anayeshona maturubai ya malori na viti vya matatu anaweza kulitazama siku hiyo hiyo. Kwa mwenye kivuli, turubai ndilo lenye gharama anayoweza kuitabiri. Kwa hivyo, unapopiga hesabu ya gari la turubai, ongeza bei ya nguzo na mabati. Kama fedha za kibanda hazipo, basi fedha za gari hilo hazijatosha.

Kuna na ushuru. Japani kwa kawaida huuza MX-5 ya turubai ikiwa na injini ya 1.5, na RF ikiwa na injini ya 2.0. Hapa Kenya injini inayozidi 1,500cc hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 badala ya 20. Maana yake, mwenye kuchagua paa huwa amechagua pia injini na kodi. Yale madogo ya 660cc hayana tatizo hilo, nayo yanakupa uhuru wa kuchagua: Daihatsu Copen ina paa gumu linaloingia nyuma kwa mota na kumaliza karibu buti lote, na Honda S660, iliyotengenezwa kati ya mwaka wa 2015 na 2022, ina paa laini unaloliviringisha kama mkeka na kuliweka chini ya boneti ya mbele.

Kabla ya kulipa, fanya mambo manne. Fungua na ufunge paa mara tatu, ukisikiliza kama linalia au linasita. Mwagia gari maji kwa ndoo, kisha ingiza mkono chini ya zulia. Nusa ndani, maana harufu ya ukungu haidanganyi. Mwisho, uliza kampuni ya bima kama italipia paa lililopasuliwa na mwizi. Na ukishalinunua, usikunje turubai likiwa bichi, usilisugue kwa sabuni ya unga, wala usimruhusu kijana wa kuosha magari alipige kwa karibu na bomba lile la nguvu.

Lipo jambo moja ambalo ni kubwa kuliko fedha. Wengi hudhani paa gumu la kujikunja litawakinga gari likipinduka. La hasha! Kinachotegemewa zaidi ni nguzo za kioo cha mbele na zile tao za chuma nyuma ya viti, na hata hizo hazimsaidii asiyefunga mkanda. Paa lililounganishwa na bodi ndilo lenye nguvu zaidi. Anayepita Salgaa katikati ya malori kila wiki na aliwaze hilo. Na wewe mzazi, kumbuka viti ni viwili. Mtoto mchanga katika kiti chake kinachotazama nyuma hawekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, na gari la viti viwili halina mahali pengine pa kumweka. Familia yenye watoto itahitaji gari la pili, au subira.

Na ukienda kutembea katika mbuga ya Ziwa Nakuru kwa lango la Lanet, funga paa, liwe la chuma au la turubai. Nyani wa mbuga ile hawaulizi bei ya gari. Wao huona ndizi tu.

Basi pima uwanja wako kwanza, gari baadaye. Hadi Jumapili ijayo tukijaliwa, endesha polepole na uwaachie wengine nafasi barabarani.