Sindano ya mugongo: uliza kwanza, dungwa baadaye

Mutu akitoka shambani hapa Luberizi, mugongo umemuuma miezi mingi, swali lake kwenye famasia ni moja: "Muganga, hakuna sindano ya kunipoza mbio?" Mara nyingi anapewa deksametazoni, dawa ya jamii ya steroidi, inadungwa matakoni. Kwenye hospitali kubwa, wataalamu wanaweza kudunga steroidi karibu na uti wa mugongo wenyewe. Hizo ni sindano mbili tofauti, na kila moja iko na hatari yake.

Kuhusu ile ya uti wa mugongo, tarehe 23 Aprili 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo: ni mara chache, lakini inaweza kuleta upofu, kiharusi, kupooza, hata kifo. Steroidi zingine ziko na chembe ndogo. Sindano ikiingia kwenye mushipa wa damu, chembe zinaweza kuziba njia ya damu inayolisha ubongo na mishipa ya fahamu. Na mwaka 2012, hukohuko Marekani, dawa iliyoingia kuvu kutoka kiwanda kimoja cha Framingham iligonjesha watu 753, 64 walikufa. Ile ni inchi yenye wakaguzi na mashini.

Ya matakoni nayo, ikidungwa vibaya, inagusa mushipa mukubwa wa fahamu unaoshuka muguuni. Uganda, waganga wameeleza habari za watoto waliobaki na muguu muzaifu kisha kudungwa kinini.

Lakini kwetu hatari kubwa pengine ni ingine. Kifua kikuu kinashika pia mifupa ya mugongo. Steroidi inapoza maumivu na kupunguza kinga ya mwili, kumbe ugonjwa unaendelea kula mifupa. Mutu anasema amepona, mpaka siku miguu inakataa. Na dawa ya kifua kikuu Kongo inatolewa bure!

Kwa hiyo, mbele ya kukubali sindano, uliza: ni dawa gani? Inaingia wapi? Nani anadunga? Ugonjwa wenyewe umepimwa?

Ukiona miguu inakufa ganzi, mukojo unakushinda, homa haiishi, unakonda, ao kisha sindano kichwa kinauma sana na shingo imekauka, usirudi famasia. Nenda hospitali siku ileile.